Adui Mwombee Njaa
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Kula vizuri bila kujinyima

(Mwalimu wa darasa: Kabla ya somo kuanza, andika ubaoni maneno haya matatu: NJAA, SHIBE, HAMU. Wanafunzi wayasome kwa sauti. Kisha fungua redio.)

Natumaini kila mmoja ana daftari lake na kalamu yake, na wenye miwani hawakuisahau nyumbani.

Juma lililopita tulijifunza namna ya kuanika mboga ili zitufae wakati wa kiangazi. Leo tutaendelea na habari ya chakula, lakini kwa upande mwingine. Hatutasema juu ya kukipata, bali juu ya kukila. Huenda mtu akauliza, "Je, kula nako kwahitaji somo? Hata mtoto mchanga ajua kula!" Ni kweli, mtoto mchanga ajua. Sisi watu wazima ndio tuliosahau, na kabla hatujamaliza mtaona namna tulivyosahau.

Wazee wetu walisema: Adui mwombee njaa. Maana yake wote mwaijua. Njaa humlegeza mtu. Humwondolea nguvu, na akili, na subira. Kwa hiyo ukiwa na adui, huna haja ya rungu. Mwombee njaa, yatosha. Sasa nawauliza: ikiwa njaa ni kitu cha kumwombea adui, mbona siku hizi watu wengi wajiombea wenyewe? Mtu ana unga ndani, ana maharage, ana mchicha uani, naye akataa kula ili apungue mwili. Hilo ndilo jambo letu la leo.

Zamani somo la chakula lilikuwa jepesi kulianza. Wazee mlio darasani mtakumbuka mwaka 1973, watu walipokusanyika kwa vikundi nchi nzima ya Tanzania kusikiliza masomo ya redio yaliyoitwa Mtu ni Afya. Mwaka 1975 yakafuata masomo ya Chakula ni Uhai. Siku zile shida kubwa iliyosemwa ilikuwa upungufu wa chakula bora. Shida hiyo haijaisha, lakini imepata mwenzake. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 28 walikuwa na uzito uliozidi, na wapatao 10 walikuwa wembamba kupita kiasi. Kwa hiyo watu wana sababu ya kufikiri juu ya uzito wao. Uzito uliozidi sana waweza kuleta kisukari na shinikizo la damu. Sikatai. Ninalotaka kusema ni kwamba kujiombea njaa si dawa yake.

Nitawaeleza kwanza habari yangu mwenyewe, ingawa yanitia haya.

Nilipokuwa na umri wa miaka 29 mdogo wangu aliposwa. Tukashona sare za arusi. Siku ya kuzijaribu shangazi yangu alinitazama mbele ya watu, akasema, "Mwanangu, gauni hili litakukataa. Umejaa mno." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini usiku ule sikulala. Nikaapa kwamba mpaka siku ya arusi sitaonja ugali, wala wali, wala muhogo. Asubuhi nitakula chungwa moja, jioni mboga kidogo bila mafuta. Tena nikanunua majani ya chai ambayo mwuzaji alisema yaondoa mafuta mwilini. Bei yake ilikuwa sawa na kilo nyingi za maharage.

Juma la kwanza nilipungua kilo 3. Nikafurahi. Juma la pili kichwa kiliniuma kila alasiri, na mikono ikawa ya baridi. Juma la tatu likatokea jambo ambalo sijalisahau.

Katika darasa nililokuwa nikilisimamia palikuwa na mzee mmoja. Alijifunza kusoma kwa sababu moja tu: mwanawe yuko mbali na humwandikia barua, naye alichoka kusomewa siri zake na majirani. Siku ile aliileta barua yake ya kwanza aisome mwenyewe. Akaanza polepole, silabi moja moja, kidole juu ya karatasi. Nami tumbo langu lilikuwa tupu tangu jana yake. Nikamkatiza kwa ukali: "Mzee, harakisha, wenzako wangoja!" Akanyamaza. Akaikunja barua, akaitia mfukoni, akakaa kimya mpaka mwisho wa kipindi. Ndugu wasikilizaji, mimi si mtu mkali. Ukali ule ulikuwa wa njaa.

Usiku uleule niliamka saa nane, nikaenda jikoni. Palikuwa na wali wa nazi uliobaki, uliowekwa kwa ajili ya watoto asubuhi. Nikala kwa mkono, nimesimama, gizani, bila kuonja ninachokula, mpaka nikafika chini ya sufuria. Mara taa ikawaka. Bibi yangu alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema, "Bibi, nisamehe, nimewaibia watoto." Akanijibu, "Mjukuu wangu, mwizi huiba cha mwenzake. Hiki ni chakula cha nyumbani kwenu. Watoto tutawapikia uji. Wewe keti chini, ule kama mtu."

Arusi ilipita. Miezi michache baadaye kilo zote nilizopunguza zilirudi, na nyingine mbili juu yake.

(Mwalimu wa darasa: Zima redio kwa dakika mbili ikiwa somo limerekodiwa. Uliza: Je, darasani yupo aliyejinyima chakula ili apungue? Ilikuwaje? Asilazimishwe asiyetaka kusema.)

Basi tuulize, kwa sababu gani mambo huenda hivyo? Wengi husema, "Huyo hana moyo mgumu." Si hivyo. Sababu iko katika kazi ya mwili wenyewe.

Fikirini mama mwenye nyumba aliyezoea kupata debe zima la unga kila mwezi. Mwezi huu amepata nusu debe. Atafanya nini? Atapunguza kibaba. Atawaambia watoto wasikimbiekimbie hovyo wakaona njaa mapema. Na macho yake yatakuwa njiani kutazama unga utatoka wapi. Debe zima likirudi, hatatumia lote kwa furaha. Ataweka akiba kwanza, maana ameonja upungufu.

Mwili nao hufanya vivyo hivyo. Mwili haujui habari ya arusi wala ya gauni. Ukiupunguzia chakula, wafahamu jambo moja tu: njaa imeingia nchini. Hapo hupunguza matumizi. Mtu huhisi baridi, huchoka upesi, hana raha. Kisha mwili hutuma wajumbe. Wajumbe hao ni kemikali ziitwazo homoni, nazo husafiri katika damu. Tumbo tupu hutoa homoni ya kuuambia ubongo, "Tafuta chakula." Mafuta ya mwilini nayo hutoa homoni ya kusema, "Akiba ipo." Mafuta yakipungua, sauti hiyo ya akiba hupungua pia, na hamu ya kula huzidi. Ndiyo maana watu wengi waliopunguza uzito kwa kujinyima huurudisha baada ya miaka michache.

Jambo hili lilipimwa na wataalamu. Wakati Vita Kuu ya Pili ilipokaribia kwisha, watu wengi wa Ulaya walikuwa na njaa, na wataalamu wakataka kujua namna nzuri ya kuwalisha. Mwezi wa Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, nchi ya Marekani, mtaalamu aliyeitwa Ancel Keys alianza kuwachunguza vijana 36. Vijana hao walikuwa wamekataa kushika silaha kwa sababu ya imani zao, wakajitolea kwa kazi hii. Kwa muda wa miezi 6 walipewa karibu nusu ya chakula walichozoea, hasa mikate, viazi na mboga za mizizi.

Ikawaje? Walipungua robo ya uzito wao. Lakini tazameni yaliyowapata mioyoni. Walikuwa vijana wapole, wakawa wepesi wa hasira. Waliacha kucheka. Mazungumzo yao yakawa ya chakula tu. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi, na wengine waliilamba sahani. Baadaye waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula chakula kingi ajabu, na bado wakasema wana njaa. Nani aliyewapa tabia hiyo? Ni njaa. Niliposoma habari zao, nilijiona mimi mwenyewe na ile sufuria.

Na ile chai niliyoinunua? Baadhi ya chai za namna hiyo zina majani ya kuharisha. Mtu akiharisha hupoteza maji na chumvi za mwili. Mizani husoma kidogo, lakini mafuta hayajaguswa. Akinywa maji, uzito hurudi. Msitupe fedha zenu huko.

Sasa tufanyeje? Nitataja mambo sita. Hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza, kula kwa wakati wake. Kula asubuhi, mchana na jioni, kama kazi yako inavyoruhusu. Mtu aliyeacha kula tangu asubuhi akifika mezani usiku, hali, anapigana. Uji wa asubuhi, au kipande cha muhogo na chai, au kiazi kitamu na maharage ya jana, humfanya mtu awe mtulivu siku nzima.

La pili, jifunze tena kuisikia njaa na shibe. Hapa ndipo mtoto mchanga anapotushinda. Akiona njaa hulia. Akishiba hugeuza uso, na hata umbembeleze vipi hafungui kinywa. Sisi twala kwa sababu sahani bado ina kitu, au kwa sababu tumekasirika, au tumechoka, au hatuna la kufanya. Habari ya shibe haifiki ubongoni mara moja. Huchukua kama dakika 20 hivi. Anayekula mbiombio hupita shibe kabla hajaisikia. Basi kula polepole. Tafuna. Ukifika katikati ya sahani pumzika kidogo, ujiulize, "Je, bado nina njaa?" Ukiwa nayo, endelea bila haya. Ukiwa huna, funika, utakula baadaye. Tena msile huku mkitazama simu au televisheni. Hata redio hii, ifungeni wakati wa kula. Sitakasirika.

La tatu, usikiite chakula dhambi. Pilau si dhambi, wala andazi si dhambi. Chakula kilichokatazwa huzidi utamu, nacho huliwa kwa siri na kwa pupa. Vipo vyakula vya kila siku, na vipo vyakula vya mara moja moja. Soda, kwa mfano: chupa moja ya mililita 350 yaweza kuwa na sukari ya vijiko vidogo 8 au 9. Hiyo si ya kila siku. Lakini ukinywa siku ya arusi, inywe ukiifurahia, ukimaliza yamekwisha. Kesho usijiadhibu kwa njaa.

La nne, badala ya kuuliza, "Niondoe nini?" uliza, "Niongeze nini?" Tazama sahani yako. Ikiwa ni mlima wa ugali na mboga pembeni kama kivuli, ongeza mboga na maharage, na ugali wenyewe utapungua bila kuufukuza. Huku kwetu Tanga ugali wa muhogo twauita bada, nao hupendeza kwa samaki. Nani atakuambia uuache? Ule, lakini uwe na samaki au dagaa, uwe na matembele au kisamvu. Mahindi yakisagwa dona hubaki na sehemu nyingi zenye nguvu ambazo sembe huzipoteza. Mboga za majani zikitiwa mafuta kidogo, mwili hupata vitamini A vizuri zaidi. Zikikamuliwa ndimu, mwili hupata madini ya chuma vizuri zaidi. Na machungwa ya Muheza yakiwa msimu wake, kuna tamu gani inayoyashinda?

La tano, utumie mwili wako kwa furaha. Kulima ni kutumia mwili. Kutembea hadi sokoni, kucheza ngoma, kucheza mpira na watoto, vyote ni hivyo. Usifanye kwa kulipia deni la chakula. Fanya kwa sababu moyo na mifupa hupata nguvu, na usingizi huja vizuri.

La sita ni ulimi, nalo ndilo gumu. Kwetu mtu akikuona hukuamkia kwa mwili wako: "Ah, umenenepa!" au "Mbona umekonda, waumwa?" Shangazi yangu hakuwa na nia mbaya. Lakini neno lake lilinikosesha usingizi. Unapokutana na mwenzako, muulize habari za afya yake, na kazi yake, na watoto wake. Mwili wake mwachie. Na watoto kadhalika: usimlazimishe mtoto kumaliza sahani baada ya kushiba, wala usimhonge peremende ili anyamaze. Mtoto huyo anajua shibe yake, usimfundishe kuisahau.

Kabla sijamaliza, yafaa niseme maneno matatu ya tahadhari.

Mwenye kisukari, au shinikizo la damu, au ugonjwa wa figo, au mama mjamzito, afuate maneno ya daktari wake au ya mwuguzi wa kliniki. Hilo si kujinyima; ni matibabu.

Kufunga kwa ajili ya ibada ni jambo jingine. Mwezi wa Ramadhani una daku yake na futari yake, una mwanzo na mwisho, na mgonjwa na msafiri wana ruhusa. Funga hiyo hailengi kuuchukia mwili.

Tena wapo wasikilizaji ambao leo hawana unga ndani. Kwao maneno ya kujinyima ni kama mzaha. Ndugu zangu hao nawaomba wasione kwamba nimewasahau. Kwa kweli wao ndio wanaojua kuliko sisi kwamba njaa si kitu cha kuchezea. Jirani mwenye kitu na akumbuke kwamba kizuri hula na nduguye.

Mtataka kujua habari za yule mzee. Kipindi kilichofuata nilifika darasani nimekula uji na muhogo. Nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Akasema, "Mwalimu, hayo yamepita." Akatoa barua mfukoni, akaifungua, akaisoma. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Alipofika kwenye jina la mwanawe chini kabisa, alilisoma mara mbili.

Siku zile gauni la sare halikunitosha sawasawa. Fundi aliongeza kitambaa ubavuni, nikacheza mpaka usiku. Kumbe kazi ilikuwa ya fundi na sindano yake. Gauni ndilo lililopasa kurekebishwa.

Somo letu limekwisha. Juma lijalo tutasema juu ya maji ya kunywa. Kwaherini, na chakula chema cha jioni.

SENTENSI ZA KUSOMA KWA SAUTI

Mama anapika maharage.
Mtoto ameshiba, anageuza uso.
Tunakula pamoja, tunakula polepole.
Njaa ni adui, chakula si adui.

MANENO YA LEO

Homoni: kemikali ya mwili inayopeleka habari kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa njia ya damu.
Dona: unga wa mahindi yasiyokobolewa.
Pupa: haraka yenye tamaa.
Shibe: hali ya kutosheka baada ya kula.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini wazee walisema, "Adui mwombee njaa"?
2. Mwili hufanya nini unapopunguziwa chakula? Eleza kwa mfano wa mama na debe la unga.
3. Vijana wa Minnesota walibadilika tabia namna gani?
4. Kuna tofauti gani kati ya njaa na hamu? Toa mfano kutoka nyumbani kwako.
5. Je, katika kijiji au mtaa wenu watu husalimianaje juu ya mwili? Mngependa kubadili nini?

KAZI YA NYUMBANI

Jioni moja juma hili, kula pamoja na watu wa nyumbani, redio na simu zikiwa zimefungwa. Kisha andika katika daftari sentensi tatu: mlikula nini, mlizungumza nini, na ulijuaje kwamba umeshiba. Kipindi kijacho msomee mwenzako.